Kutoka Utotoni: Habari za Vijana wa Ugogo Tangu Siku za Makumbi

Juzi katika shule tufundishayo huku Makole tuliwapa watoto wa darasa la sita swali moja, tukawaambia walijibu kwa maandishi: Mtu huwa mtu mzima lini? Walikuwa na umri wa miaka 12 na 13, wana wa makarani, wana wa wachuuzi wa sokoni, wana wa askari, na wengine wana wa Wagogo wenyeji wa hapa tangu mababu. Majibu yalikuja ya namna nyingi. Wengi waliandika, "Akitimiza miaka 18." Wengine waliandika, "Akipata kitambulisho cha taifa." Msichana mmoja aliandika, "Akizaa." Mvulana mmoja aliandika, "Akiwa na simu ambayo hapana mtu wa kumnyang'anya." Na mwingine, ambaye tulimcheka kwanza kisha tukanyamaza, aliandika, "Sijui, maana kaka yangu ana miaka 29, amemaliza chuo, na mama bado humpa nauli."

Ndugu msomaji, jibu lile la mwisho ndilo lililotutuma kuandika habari hizi. Maana kama swali lile lingaliulizwa katika nchi hii yapata miaka 150 iliyopita, watoto wote wangalijibu neno moja, wala wasingaliwaza: Mtu huwa mtu mzima akitoka kumbini. Leo watoto arobaini wana majibu kumi na tano, na wazazi wao tukiwauliza huenda watatupa ishirini. Basi twataka kujua jibu lile moja lilivunjikaje, na vipande vyake vimekwenda wapi.

Makole ya leo ni kata ya jiji la Dodoma, jiji ambalo katika sensa ya mwaka 2022 lilikuwa na watu 765,179. Lakini reli ilipofika hapa yapata mwaka 1910 hapakuwa na jiji wala mji. Palikuwa na nchi kavu ya Ugogo, yenye mvua ya miezi minne au mitano tu, na miaka mingine hata hiyo haitoshi. Watu walikaa katika tembe, nyumba zenye paa la udongo, wakalima uwele na mtama, wakafuga ng'ombe. Mtoto wa kiume alianza kazi mapema: kwanza ndama na mbuzi karibu na nyumba, kisha, akipata nguvu, ng'ombe mbali malishoni. Msichana alichota maji, akatwanga, akalea wadogo zake. Kwa hiyo kazi haikuwa alama ya utu uzima, kwa kuwa kila mtu alifanya kazi, hata mtoto wa miaka sita. Alama ilikuwa nyingine.

Baada ya mavuno, nafaka ikiwa ghalani na jua la kiangazi likiwa limekausha majani, wazee walipatana, wakapata idhini ya mtemi, na wavulana wa ujirani mmoja wakakusanywa. Walitahiriwa pamoja, wakakaa mbali na mama zao mpaka majeraha yao yalipopona. Huko walifundishwa, na mafundisho yenyewe yalikuwa katika nyimbo: heshima kwa wazee, uvumilivu, mambo ya mume na mke, maneno yapasayo kusemwa na yasiyopasa. Wimbo uliimbwa usiku, ukarudiwa, ukarudiwa tena, hata mzito wa akili naye akaushika. Walipotoka walipokewa kwa ngoma na karamu. Wasichana nao walikuwa na kumbi lao chini ya wanawake wazee, na ngoma yao ni muheme, ile ambayo mwanamke huibana kati ya mapaja na kuipiga kwa mikono. Kisu kilikuwa kwa wote wawili, mvulana na msichana, na hapa ndipo penye shida ambayo tutairudia mbele.

Hatuandiki haya ili kuzisifu siku zile. Kisu kimoja kilipita kutoka kwa mtoto huyu mpaka kwa huyu, na kama damu ilikataa kukoma hapakuwa na hospitali. Msichana aliyetoka kumbini mara nyingi alikuwa amekwisha kuposwa, wala hakuulizwa kama anampenda yule mume. Mwenye kutamani mambo hayo yarudi kama yalivyokuwa hajui asemalo. Walakini katika kumbi palikuwa na jambo moja lililo jema sana, nalo ni hili: mtoto aliijua siku ya kuanza na siku ya kumaliza, aliambiwa mambo mazito na watu wazima wasio baba yake wala mama yake, na hakuyapita peke yake, bali pamoja na rika lake, watu ambao atawaita wenzake mpaka kaburini.

Tena mtu asidhani ya kuwa kijana alitoka kumbini asubuhi akaoa jioni. Ng'ombe wa mahari walitoka kwa baba na kwa ndugu, na mjomba naye alikuwa na neno lake katika shauri hilo. Kijana aliweza kungoja miaka mingi. Katika miaka ile alijipaka ngeu, akajipamba kwa mfano wa majirani zake Wamasai, akacheza ngoma, akalinda mifugo. Alikuwa mtu mzima kwa jina, lakini hana nyumba wala mke. Basi kungoja si jambo jipya, wala kaka wa yule mwanafunzi wetu si wa kwanza kungoja. Tofauti ni kwamba yule wa zamani alingoja akiwa amekwisha kujibiwa kwamba yeye ni nani.

Wataalamu wa Ulaya na Marekani walilichelewa jambo hili, kisha wakaliandika sana. Mwaka 1904 Mmarekani G. Stanley Hall alitoa kitabu kikubwa juu ya umri wa ujana, akasema ni wakati wa dhoruba kwa kila mwanadamu, wakati wa hasira, huzuni na ugomvi na wazazi. Mwaka 1928 Margaret Mead aliandika habari za wasichana wa kisiwa cha Samoa, akasema kwamba wale hawakuiona dhoruba hiyo, kwa hiyo yatoka katika malezi na si katika mwili. Na wengine baadaye wakampinga kwa ukali. Erik Erikson, aliyeandika katikati ya karne ya 20, alisema kwamba kazi kubwa ya kijana ni kupata jibu la swali "Mimi ni nani?", na ya kuwa kila taifa huwapa vijana wake muhula fulani wa kulitafuta bila kudaiwa sana. Na tangu miaka ya 1990, vyombo vya kupiga picha ndani ya kichwa vimeonyesha kwamba ubongo wa mtu huendelea kukomaa mpaka miaka ya ishirini na kitu, na sehemu ya mbele, ile ya kupima hatari na kujizuia, huwa miongoni mwa zile za mwisho. Wazee wetu hawakuwa na vyombo hivyo. Lakini walijua ya kuwa mvulana wa miaka 15 ana nguvu za mtu na akili ya ndama, wakamweka chini ya macho ya watu.

Sasa tuseme jinsi jambo hili lilivyovunjika. Wengi hudhani kwamba shule na kanisa ndivyo vilivyovunja kumbi. Neno hili lina kweli ndani yake, lakini si la kwanza.

La kwanza lilikuwa njaa. Katika Vita Kuu ya Kwanza majeshi ya Wajerumani, kisha ya Waingereza, yalipita Ugogo, yakachukua ng'ombe, nafaka, na watu wa kubeba mizigo. Mvua nazo zikakosa. Njaa iliyofuata, tangu 1917 hata 1920, Wagogo waliiita Mtunya, na jina hilo bado hutajwa kwa sauti ya chini. Wako wanahistoria wanaokadiria kwamba watu 30,000 walikufa katika nchi iliyokuwa na watu yapata 150,000. Watu walihama, na wengine wakawaweka watoto wao kwa wenye chakula ili wapate nafaka ya kuwalisha waliobaki. Mwaka usio na nafaka hauwezi kuwa na kumbi, maana hapana pombe wala karamu, na wazee wa kufundisha wamekufa au wamehama. Mtoto wa miaka kumi mwanzoni mwa Mtunya alikuwa na miaka kumi na mitatu ulipokwisha. Umri haukumngoja.

La pili lilikuwa kodi na mshahara. Karani wa kodi alipokuja hakuuliza kama kijana ametoka kumbini; alimtazama mwili, na kama alionekana mwanamume mzima aliandikwa. Hivyo ukaja utu uzima wa namna ya pili, utu uzima wa stakabadhi. Ili kupata fedha ya kodi vijana walikwenda kwenye mashamba ya mkonge ya Kilosa na Morogoro, au kwenye kazi za reli. Kisha mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianza ule mpango wake wa karanga huko Kongwa, ikikusudia kulima ekari zaidi ya milioni 3. Mashine zilivunjika katika udongo mgumu, mvua haikuja kama ilivyoandikwa katika hesabu za London, na mwaka 1951 mpango ulikufa, ukiwa umekula pauni yapata milioni 36. Habari hiyo husimuliwa sana kama hasara ya serikali, na ni kichekesho cha kutosha. Lakini kwa shauri letu la leo iko hasara nyingine, au faida, kama mtu apendavyo kuiita. Kijana aliyepokea mshahara Kongwa aliweza kununua ng'ombe kwa fedha yake. Jambo hili ni kubwa kuliko lionekanavyo, kwa maana nguvu ya wazee juu ya vijana haikuwa fimbo, ilikuwa zizi. Kijana mwenye ng'ombe wake aweza kuoa bila kumngoja baba, na asiyemngoja baba hasikilizi sana nyimbo za baba.

La tatu ndilo shule. Wamisionari wa CMS walifika Mpwapwa katika miaka ya 1870, na mwaka 1900 wakaanza kituo cha Mvumi. Baada ya hapo Buigiri, Kongwa na penginepo. Mwaka 1927 George Chambers kutoka Australia alifanywa askofu wa kwanza wa Tanganyika ya Kati, na kanisa kuu la hapa Dodoma likawekwa wakfu mwaka 1933. Shule zao, na zile za ndugu zetu Wakatoliki, ziliwachukua watoto wa umri uleule uliokuwa umri wa kumbi. Twaomba msomaji alifikiri hili kwa utulivu: mtoto alitolewa nyumbani kwa mama yake, akanyolewa, akavikwa nguo nyingine, akalala pamoja na rika lake, akafundishwa kwa nyimbo, akaamshwa mapema, akapigwa akikosea, na mwisho akapewa jina jipya katika ubatizo. Hilo si kumbi? Wagogo wengi waliliona hivyo upesi kuliko wamisionari wenyewe. Kasoro yake ni moja: shule ilifundisha kusoma, hesabu na Injili, lakini juu ya mwili wa kijana na mambo ya mume na mke ilisema kwa kifupi, kwa aibu, na mara nyingi kwa neno moja tu: Usifanye.

Wako wamisionari waliojaribu njia nyingine, na habari zao zastahili kutajwa, maana twaweza kuzipima na zetu. Kusini, huko Masasi, Vincent Lucas wa UMCA, aliyekuwa askofu wa huko tangu 1926 hata 1944, pamoja na makasisi Waafrika, walilichukua jando la wavulana wakalifanya la Kikristo: wakayaacha waliyoyaona ni machafu, wakatia sala na msalaba, na wavulana wakaenda porini na kurudi kama zamani. Kwa wasichana walijaribu vilevile, nayo ikawa kazi ngumu zaidi, kwa kuwa kungwi hakubali upesi kuwatolea siri zake mapadre. Huko Moshi ya Kale, Mlutheri Bruno Gutmann, aliyekaa Uchagani miaka mingi tangu 1902, aliandika mafundisho ya jando la Wachaga katika vitabu vitatu vinene, na vijana wake wa kipaimara akawaweka katika vikundi vya wenzi, kila mmoja amwangalie mwenziwe, kwa mfano wa wenzi wa ngao wa zamani. Alilaumiwa na wengi kwamba aurudisha ushenzi kanisani. Sisi twaona aliona mbali.

Na katika Kenya, katika nchi ya Wakikuyu (si Kikuyu yetu ya hapa Dodoma), mambo yalikwenda njia ya ugomvi. Mwaka 1929 misheni ya Waskoti na nyingine ziliwataka Wakristo waahidi kuiacha tohara ya wasichana, na asiyeahidi atoke. Maelfu walitoka. Wakajenga shule zao wenyewe zisizo za misheni, wakatunga nyimbo za kuwacheka wamisionari na serikali, hata serikali ikazipiga marufuku. Ardhi yao ilikuwa imechukuliwa, nao walishuku kwamba sasa binti zao wachukuliwa pia. Tena walijiuliza neno ambalo hapana aliyewajibu: Kama binti yetu haendi, basi atakuwa mwanamke kwa njia gani? Wamisionari walikuwa na haki juu ya kisu, maana kisu kile huleta maumivu na hatari ya maisha yote na hakuna faida hata moja ya mwili. Lakini walikuja na marufuku mkononi, na mkono wa pili ulikuwa mtupu.

Baada ya uhuru, serikali yetu nayo ilitengeneza kumbi lake. Jeshi la Kujenga Taifa lilianzishwa Julai 1963, na mwaka 1966 ikatolewa sheria ya kuwalazimisha wahitimu kulitumikia. Wanafunzi wa Chuo Kikuu waliandamana Oktoba 1966 kuikataa, na Mwalimu Nyerere akawarudisha makwao karibu 400. Wengi walirudishwa chuoni baadaye, na sheria ikabaki. Tangu hapo mtoto wa waziri na mtoto wa mchungaji wa ng'ombe walinyolewa kichwa kimoja, wakavaa nguo moja, wakaimba mchakamchaka alfajiri katika kambi kama ile ya Makutupora, karibu nasi hapa. Waliopita huko, sasa ni wazee wenye mvi, bado huitana kwa majina ya kambi. Mwaka 1994 ulazima uliachwa kwa kukosa fedha. Ukarudishwa mwaka 2013. Lakini ulazima huo tangu mwanzo uliwahusu zaidi waliosoma sana, na kijana wa kijijini aliyeishia darasa la saba hakuitwa.

Kwa huyo wa kijijini yalikuja mambo mengine. Mwaka 1970 na 1971 Wagogo wengi walihamishwa kutoka tembe zao zilizotawanyika, wakawekwa katika vijiji vikubwa. Novemba 1974 lilitolewa Azimio la Musoma, na kufikia Novemba 1977 kila mtoto wa umri wa shule ya msingi alitakiwa awe darasani. Malishoni wakabaki wadogo sana na wazee sana. Kalenda ya serikali ikawa na likizo zake, na kumbi likabanwa katika likizo ya mwezi wa Juni au Desemba. Wavulana wengi walianza kupelekwa zahanati, ambako mganga humaliza kazi yake kwa muda wa robo saa, kwa dawa ya ganzi na usafi. Twamshukuru mganga. Ila mganga hana nyimbo.

Sasa tunarudi kwenye kisu cha wasichana, maana huko ndiko historia ilikofanya jambo la ajabu. Katika miaka ya 1970, wakati serikali na makanisa yakiikataza tohara hiyo, lilianza kusikika katika Dodoma na Singida neno lawalawa. Watu walisema ni ugonjwa wa sehemu za siri za watoto wa kike, kuwashwa na kuungua, na ya kuwa dawa yake ni kukatwa. Waganga wa hospitali husema kwamba ni maradhi ya kawaida ya uchafu na uhaba wa maji, na huponywa kwa maji safi na dawa. Lakini neno lilienea, kwa kuwa lilimpa mama sababu ya kufanya lile ambalo amekatazwa, na kulifanya mapema. Kisha mwaka 1998 Bunge lilitunga sheria inayofanya kuwa kosa la jinai kumkeketa msichana aliye chini ya miaka 18. Wengi waliacha. Wengine hawakuacha, bali walibadili umri: badala ya msichana mkubwa ambaye aweza kusema shuleni, wakamkata mtoto mchanga asiyeweza kusema. Katika uchunguzi wa afya wa taifa wa 2015 na 2016, yapata theluthi moja ya wanawake waliokeketwa nchini walikuwa wamekatwa kabla ya kutimiza mwaka mmoja.

Msomaji ataona jambo lenyewe. Desturi iliyokuwa mlango wa kutoka utotoni sasa hufanywa kwa mtu ambaye bado hajaingia utotoni. Hapana rika, hapana nyimbo, hapana mafundisho, hapana siku ya kutoka. Kisu kimebaki peke yake.

Tulimwendea bibi mmoja jirani yetu hapa Makole, mwanamke wa miaka themanini na zaidi, tumwulize habari hizi. Tulimwamkia shikamoo, naye akatujibu marahaba, kisha akaongeza "Mbukwenyi" ya Kigogo, kama afanyavyo daima akitaka tuketi. Tulipomtajia kukatwa kwa watoto wachanga alikunja uso.

"Mwanangu," alisema, "sisi tulikatwa vibaya, lakini tulifundwa vizuri. Hawa wanamkata mtoto hana hata meno. Atafundwa nini huyo? Anyamaze?"

Tukamwuliza, "Na kama wangefundwa, bibi, bila kukatwa?"

Alikaa kimya kwa kitambo. Akasema, "Wakati ule ungeniuliza hivyo ningekufukuza. Sasa sikufukuzi."

Ziko habari njema, na tusizifiche. Katika uchunguzi ule wa 2015 na 2016, wanawake 47 katika kila 100 wa mkoa wa Dodoma, wenye umri wa miaka 15 hata 49, walikuwa wamekeketwa. Katika uchunguzi wa 2022 walikuwa 18 katika kila 100. Huenda wengine waogopa sheria na hawasemi kweli, tena mkoa umepokea wageni wengi kutoka pande zisizo na desturi hiyo tangu serikali ilipoamua mwaka 2016 kuhamia hapa. Hata hivyo twaamini kwamba jambo lenyewe linapungua, kwa kuwa twawaona mama vijana wanaolikataa waziwazi, na zamani hawakuwako.

Na ndoa pia imesogezwa mbele. Sheria ya mwaka 1971 ilimruhusu msichana kuolewa akiwa na miaka 15 kwa ridhaa ya wazazi. Mwanasheria kijana, Rebeca Gyumi, aliipeleka mahakamani, na mwaka 2016 Mahakama Kuu ikasema kwamba vifungu hivyo vyapingana na Katiba. Oktoba 2019 Mahakama ya Rufani ikathibitisha hukumu hiyo. Ada za shule za sekondari za serikali ziliondolewa tangu 2016 hata kidato cha nne, na 2022 hata cha sita. Novemba 2021 wasichana waliopata mimba wakaruhusiwa kurudi masomoni, jambo ambalo hapo awali liliwafungia mlango maisha yao yote. Yote haya ni mema. Lakini yote haya yameurefusha ujana. Mwili wa mtoto hubalehe katika miaka 12 au 14. Shule humshika mpaka 18 au 19, chuo mpaka 23. Kisha kazi haipatikani, kiwanja cha Dodoma ni ghali, na mahari haisubiri. Kati ya kubalehe na kuwa na nyumba yake, zamani kulikuwa na miaka michache chini ya macho ya rika na wazee. Sasa iko kumi na mitano, na mwenzi wake mkubwa katika miaka hiyo ni simu, ambayo humfundisha mambo yote ya mume na mke katika usiku mmoja, bila haya na bila bibi.

Sera ya taifa ya mwaka 2007 yasema kijana ni mtu wa miaka 15 hata 35. Mzee mmoja alipotusikia tukiisoma alicheka mpaka akashika ubavu. Alisema yeye akiwa na miaka 35 alikuwa amekwisha kuoza binti. Tulicheka naye. Lakini walioandika sera ile hawakuwa wajinga. Waliuona urefu wa njia, wakaupima kama ulivyo.

Kanisani tunalo darasa la kipaimara, nalo, tukitaka kusema kweli, ndilo lililobaki karibu zaidi na kumbi katika vijiji vyetu: lina umri wake, lina rika, lina mlezi asiye mzazi, lina siku ya kuanza na siku ya kutoka, na siku hiyo mama hupika. Katika mitaa mingi darasa hilo limekuwa la kukariri tu. Mwaka huu katika mtaa wetu tuliwauliza wazee wa kanisa kama twaweza kuwaita watu wawili wa kusema na vijana mambo ambayo sisi walimu twayaonea haya: mganga wa zahanati, na bibi yule. Mganga walimkubali mara moja. Juu ya bibi palikuwa na maneno, maana wengine walikumbuka kwamba zamani aliwapigia wasichana muheme, na huko si kupiga ngoma tu. Shauri lilichukua majuma matatu.

Alikuja siku ya Alhamisi, saa kumi jioni, na kigoda chake mwenyewe kwapani. Aliwatazama vijana wote kwa zamu, akawauliza watu wa kwao ni akina nani, na wengine walilijua jina la babu, wengine hawakulijua. Kisha akasema wavulana watoke nje, na sisi pia, na dirisha lifungwe.